Askari wa Soko la Ruiru Anamkimbia Nani

Kituo cha Polisi, Thika
9 Februari 1958

Kwa Ndila, mwiitu wa mwaitu, dada yangu wa tumbo moja,

Nyumba hii yote inakusalimu. Mimi ni mzima ila goti la kushoto, ambalo asubuhi za baridi hulalamika kuliko mahabusu. Wifi yako Magdalene hajambo, na anasema zile mbaazi ulizotuma kwa treni zilifika kiondo kikiwa nusu. Nusu nyingine imeliwa na mtu wa reli. Upepo uling'oa bati la jikoni, nikalirudisha mwenyewe huku Magdalene ameshika ngazi na kunisema. Vipi Syokau? Mwambie mjomba wake anamwuliza.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Ndila, vijana wananikimbia. Tangu mwaka uanze tumeletewa askari wadogo, na kila mmoja ameondoka kwa njia yake. Mmoja aliacha kwa sababu ya patisi, vile vitambaa tunavyojizungushia miguuni. Alisema akimaliza kuvifunga jua limeshapanda, na akimaliza kuvifungua limeshatua. Mwingine, Omondi, kijana niliyempenda, amekwenda kiwanda cha mananasi. Aliniambia uso mkavu, "Afande, huko hakuna mtu wa kupigia saluti. Na nanasi halinichukii."

Hilo la kuchukiwa nililimeza, maana ni kweli. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, askari akiingia dukani watu huacha kuzungumza, hata kama amekuja kununua chumvi tu. Mtu mzima huzoea. Kijana hawezi.

Inspekta ameniita ofisini. Amesema kazi yangu ni kuwalea hawa vijana, si kuwasindikiza mlangoni. Akiondoka mwingine kabla ya mwaka kwisha, tepe yangu ya tatu inatoka mkononi, na mimi natoka Thika kwenda Mandera kulinda ngamia. Na unajua nilivyoipata hiyo tepe. Sijawahi kukosa zamu ya Krismasi hata mwaka mmoja. Wenzangu wakienda kula nyama, mimi nimesimama langoni. Wakubwa waliliona hilo wakanipandisha.

Wewe hapo sokoni unamjua kila mtu anayepita kati ya mashamba ya mkonge na ya kahawa. Nitafutie kijana mmoja tu, mrefu, mwenye subira, ambaye hatatoroka. Ningekuja mwenyewe, lakini likizo zimefungwa, na siku hizi sipandi treni mpaka niwe nimefungana pingu na mtu.

Ndugu yako,
Sajini Zacharia Mbaluka


Ruiru
2 Machi 1958

Mwana wa mwaitu,

Barua yako ililala kwenye koti la karani wa steni ya reli. Anasema alikuwa akinitafuta, ilhali kila jioni ananunua mbaazi kwangu. Nimeisoma mwenyewe, polepole. Ile shule ya jioni ya kanisa haikuwa bure.

Sisi tuko wazima. Paa la kibanda changu linavuja juu ya kichwa changu tu, si juu ya bidhaa, kwa hivyo sijasema kitu. Mama Warigia, jirani yangu wa viazi, amepata mjukuu na hatupumui kwa habari zake. Syokau hajambo. Usiniulize zaidi kuhusu Syokau.

Pole kwa goti, na pole kwa kukimbiwa. Nikikumbuka ulivyokuwa ukichunga mbuzi wa baba sishangai, maana hata wao walikuwa wakikukimbia. Na hiyo hadithi ya zamu ya Krismasi umeniambia mara nyingi mpaka naijua kama sala. Mimi ningempa tepe Magdalene, anayekula nyama bila mume kila mwaka.

Kijana nimempata. Anaitwa Mukonyo, kwao ni Kangundo, anakata mkonge ng'ambo ya mto. Ni mrefu, akiingia kibandani huinama kama mtu anayeomba msamaha. Hanywi. Ana adabu, tena adabu ya zamani, ya kwao nyumbani. Mwanzoni alikataa. Alisema akivaa sare hiyo watu wa soko hawatamsalimia tena. Nikazungumza naye kidogo, sasa amekubali. Nilimwambia nini ni shauri langu.

Huyo hatatoroka, nakuahidi. Ila usimsumbue kwa maswali kama ulivyomfanya yule mwalimu wa shule ya Kalimoni. Maskini alikuja kumwona Syokau kwa nia njema, ukamwambia atoe kila kitu mfukoni akiweke mezani. Mwavuli wake bado ninao. Yeye hakuurudia.

Ndila


Kituo cha Polisi, Thika
28 Septemba 1958

Mwiitu wa mwaitu,

Usihesabu kimya changu. Magdalene alishikwa na malaria mbaya. Akapona, akaanza tena kunisema, ndipo nikajua amepona kweli. Mama yake alikuja kumwuguza, akakaa muda mrefu. Mimi nilikuwa na zamu nyingi wakati huo.

Ndila, umeniokoa. Mukonyo amerudi kutoka Kiganjo, ile ya mafunzo kule Nyeri, si hii yetu ya hapa Thika. Patisi anazifunga mimi nikiwa bado natafuta kofia. Gwaride analijua, filimbi anaipiga mbwa wote wa mtaa wanaitika. Inspekta alimtazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa wema. Tepe yangu imetulia.

Baada ya mafunzo aliomba ruhusa ya siku chache, akasema kuna shughuli ya mbuzi huko Kangundo. Nikampa. Nikampa na kamba ya stoo, ile nyeupe yenye uzi mwekundu wa serikali, maana alisema mbuzi wenyewe ni wakaidi. Kamba haijarudi, lakini simsumbui kwa maswali, kama ulivyoniomba.

Nami nimekuwekea zawadi. Kuanzia wiki hii Mukonyo ndiye askari wa soko la Ruiru. Nimemchagulia mahali mimi mwenyewe, mbele ya kibanda chako hasa. Kila siku ya soko utamwona, naye atakuona. Usinishukuru.

Ndugu yako,
Sajini Z. Mbaluka


Ruiru
5 Oktoba 1958

Mwana wa mwaitu,

Wote wazima, mvua hakuna, Magdalene nampa pole.

Mwondoe huyo kijana sokoni. Mpeleke steni, mpeleke benki, mpeleke popote. Hapa hapahitaji askari, wezi wote wamehamia Nairobi.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu niko chini ya meza. Usiniulize kwa nini niko chini ya meza.

Ndila


Kituo cha Polisi, Thika
2 Novemba 1958

Mwiitu wa mwaitu,

Huku tu wazima, goti limepata dawa ya Kihindi inayonuka lakini inasaidia. Natumaini umetoka chini ya meza.

Sikumwondoa Mukonyo, kwa sababu hukunipa sababu, na kazi ya polisi haiendi bila sababu. Sasa nimejuta. Taarifa zinazokuja kutoka Ruiru sizielewi. Siku ya kwanza ya soko, koplo alimkuta ndani ya bucha, amesimama nyuma ya paja la ng'ombe. Siku nyingine alikuwa kwa kinyozi, amejipaka sabuni uso mzima, ilhali hana ndevu. Kisha akarukia lori la makaa kujificha, na lori likaondoka naye mpaka Juja. Akarudi kwa miguu, mweusi mpaka masikioni, na akampigia koplo saluti safi kabisa.

Nilimwita Thika nikamkalisha.

"Mukonyo, unaogopa nini?"

"Siogopi, Afande."

"Basi unamkimbia nani?"

Akatazama viatu vyake. "Siwezi kusema, Afande. Ni adabu."

Nikamwambia adabu ya askari ni kusimama alipoambiwa asimame. Akasema, "Basi niruhusu niondoke, Afande. Omondi anasema kiwandani bado wanachukua watu." Machozi yalikuwa yanamlenga, Ndila. Sijawahi kuona kijana anayeipenda kazi namna hii akiomba kuiacha.

Akiondoka, unajua kitakachonipata. Magdalene ameanza kuuliza kama Mandera kuna soko la mboga. Anasema kijana amerogwa. Mimi nimefanya upelelezi kwa miaka mingi na nasema ni mwanamke, tena yuko hapo hapo sokoni. Mtafute huyo mwanamke. Ukimjua niambie, nitakuja kumwonya mimi mwenyewe.

Ndugu yako,
Sajini Z. Mbaluka


Ruiru
16 Novemba 1958

Mwana wa mwaitu,

Tumshukuru Mungu, tuko wazima. Mjukuu wa Mama Warigia ameota jino, na soko zima limeitwa kulitazama. Maharagwe yamepanda bei. Syokau anashona.

Umeniuliza kuhusu Mukonyo. Simwoni. Nakuambia ukweli mtupu, tangu umlete hapa sijamtia machoni hata mara moja. Na biashara yangu inakufa, kwa sababu mtu hauzi mbaazi akiwa amejitanda kanga usoni. Juzi nilimpimia mteja maharagwe nikamwagia kwenye kofia ya mzee aliyekuwa amekaa karibu.

Huyo mwanamke unayemtafuta nadhani namjua. Ni mtu wa heshima, mjane, na hana kosa lolote. Ukija kumwonya utajuta.

Nikuulize jambo. Kama mtu wako wa karibu angekuficha kitu, kitu kizuri, kwa sababu alikuogopa kidogo, ungefanyaje? Usijibu upesi. Jibu ukiwa umevua kofia ya kazi.

Ndila


Kituo cha Polisi, Thika
23 Novemba 1958

Mwiitu wa mwaitu,

Kwa hivyo ni mjane. Nilijua. Kijana mpole kama yule ameshikwa na mjane wa sokoni, naye kwa adabu yake anashindwa kumfukuza. Asante kwa upelelezi wako.

Swali lako la mwisho sikulielewa. Anayenificha kitu namkamata, kofia iwepo isiwepo.

Jumamosi hii Inspekta anakagua soko la Ruiru, na mimi nitakuwa naye. Nitamsimamisha Mukonyo kwa mkono wangu mbele ya meza yako, uso kwa uso nawe, ili huyo mjane asithubutu kumkaribia. Asiposimama Jumamosi, Jumatatu anatia sahihi ya kuondoka, nami naanza kufunga mizigo. Usikose kuwepo.

Sajini Z. Mbaluka


Ruiru
30 Novemba 1958, baada ya kanisa

Mwana wa mwaitu,

Leo salamu ni fupi, nisamehe. Barua hii anakuletea Mama Warigia mwenyewe, maana nataka uisome kabla ya kesho asubuhi, kabla Mukonyo hajatia sahihi.

Mjane ni mimi.

Kaa chini kwanza. Wale mbuzi uliompa ruhusa kuwashughulikia walikuwa mbuzi wa kumposa Syokau. Shemeji zangu waliwapokea Kangundo, kwa marehemu mume wangu, na walifika wamefungwa kwa kamba yako ya serikali. Tangu siku ile Mukonyo ni mkwe wangu, na nthoni ni nthoni. Mkwe hamtazami mama mkwe, wala mama mkwe hamtazami mkwe, mpaka wazee waseme imetosha. Wakikutana njiani, kila mmoja anaingia kichakani kwake. Sokoni hakuna vichaka, Mbaluka. Kuna bucha, kuna kinyozi, na kuna chini ya meza. Na wewe ukamleta umsimamishe mbele yangu kila siku ya soko, ukasema nisikushukuru.

Jana ulimwambia, "Simama hapa, macho mbele." Macho mbele nilikuwa mimi. Ulinitafuta ukaona sipo, lakini nilikuwepo, chini ya magunia, Mama Warigia amenikalia nusu ili nisionekane. Kisha mhuni mmoja akanyakua pochi ya Mama Warigia akakimbilia nyuma ya meza yangu, akanikanyaga mguu. Mukonyo angemfuata angeniona. Nilimsikia akianza kukimbia kisha akisimama, nikajua kijana wa watu amekwama, na nyuma yake wewe unanguruma na Inspekta anatazama.

Mengine nimesimuliwa na Mama Warigia, hawezi kunyamaza tangu jana. Anasema Mukonyo aligeuka, akaipa meza yangu mgongo, akaja kinyumenyume akipiga filimbi. Akauliza, "Mama Warigia, yuko kushoto ama kulia?" Naye akamjibu, "Kulia, mwanangu, rudi kidogo, sasa kaa." Ndivyo alivyomkalia mwizi. Nami chini ya gunia nilisikia soko zima likicheka, na mwizi mwenyewe akicheka chini yake.

Lakini nilisikia pia alichokuambia baadaye. "Nimekuaibisha, Afande. Jumatatu nitaondoka." Hapo nililia, na gunia la mbaazi lina vumbi, nusura nipige chafya tuaibike wote.

Nilimshurutisha mimi kuingia polisi. Nilimwambia binti yangu haolewi na mtu wa mkonge anayehamahama, avae sare akae chini ya ndugu yangu, na siku akiivua, posa nayo imevunjika. Sasa yuko tayari kumpoteza Syokau kuliko kunivunjia heshima. Nimeona aibu. Leo nimemtuma Syokau amwambie kwamba hata akivua sare, posa iko palepale.

Kwa nini sikukuambia? Nilikuogopa. Mwalimu alipokimbia nilimsikia Syokau akilia jikoni siku nyingi, nikasema huyu wa pili mjomba atamjua akiwa mkwe tayari. Nilikosea, kwa sababu wewe ndiye mjomba na mahali pako palikuwa mbele. Nikasirikie mimi. Kijana usimguse, na tepe yako uilinde ukiweza.

Ndila


Kituo cha Polisi, Thika
14 Desemba 1958

Mwiitu wa mwaitu,

Huku wote wazima. Mama Warigia alikula kwetu, akatuhadithia lile jino la mjukuu mpaka Magdalene akasinzia, na alifika salama Ruiru kama unavyojua.

Barua yako iliniuma. Sitaficha. Mimi ni ndugu yako wa kiume pekee, na mbuzi wa Syokau wamepokewa mimi nikiwa langoni nikihesabu magari. Nilikuandikia majibu makali. Magdalene akaniomba ayasome, akayatia jikoni, ugali ukaiva. Kisha akaniuliza kama bado namkumbuka yule mwalimu alivyokuwa akitetemeka akitoa leso mfukoni. Namkumbuka. Nilidhani ni utani, Ndila. Mwambie Syokau mjomba anaomba radhi, na mwavuli umrudishie mwalimu.

Jumatatu Mukonyo alikuja asubuhi mapema, patisi safi, tayari kutia sahihi. Nikamwita pembeni. Nikamwambia, "Mkwe wetu, kwa nini hukusema?" Akajibu, "Afande, kumtaja pia si ni kama kumtazama?" Nimempeleka steni ya Thika, alinde mizigo. Nikamwuliza kama bado anataka kiwanda cha mananasi, maana Syokau ameshamwambia yuko huru. Akafikiri, akasema hapana. Alisema Jumamosi ile ndiyo mara ya kwanza watu wa soko kumsalimia akiwa na sare. Jioni ile alipokuwa akienda kupanda treni, walimwita kwa jina njia nzima, na mmoja akampa ndizi.

Hata mimi nililisikia hilo, ingawa nilikuwa nimekasirika. Ni miaka sasa sijasikia soko likimcheka askari bila kumwogopa. Sikujua nilikuwa nalitamani.

Ilibaki Inspekta. Nilimweleza yote, jambo la mkwe na vichaka na meza, nikisubiri aniambie nifunge mizigo. Alivuta kiko chake. Kisha akasema mama mkwe wake ametoka Ulaya na amekaa kwake Nairobi tangu Oktoba, na kwamba hakuna sababu nyingine ya yeye kukagua masoko siku za Jumamosi. Tepe imebaki. Ameniagiza pia nitafute vijana wengine waliokwisha kuposa, kwa sababu anaona mama wakwe ndio wanaojua kumweka kijana kazini. Kwa hivyo zungumza na mama wenye mabinti hapo sokoni, ila safari hii unieleze.

Nadai paja langu la mbuzi, na kamba ya stoo, ambayo bado imeandikwa kwa jina langu.

Magdalene anasema niwaalike wewe na Syokau kwa Krismasi. Njooni, nyama ipo, na mama yake Magdalene anakuja kama kila mwaka. Mimi hamtanikuta. Nitakuwa langoni na bunduki yangu, kama nilivyokuwa kila Krismasi tangu nioe, na kama serikali imenipa tepe kwa ajili hiyo, basi serikali haijawahi kuniuliza kwa nini nasimama. Mukonyo ameshaomba tusimame wote.

Ndugu yako,
Zacharia